Ziwa Tanganyika: Uzi wa chini ya rili si wa kujaza nafasi tu

Kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira hadi Baraka na Kalemie, mvuvi anayeburuta chambo nyuma ya mtumbwi akimtafuta sangala huchagua kwa makini ndoana na uzi wa kuvulia. Uzi wa chini, ule unaozungushwa kwanza kwenye rili, mara nyingi hupewa chochote kilichobaki nyumbani: nailoni iliyokaa juani miaka, au vipande vilivyofungwafungwa. Wanasema samaki hauoni uzi huo, basi wa nini kuutolea pesa?

Pesa inapotea hapo hapo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu nyingi ukingo unashuka ghafla karibu na nchi kavu. Sangala mkubwa akishika chambo anaenda zake chini, na uzi wa kuvulia unaweza kuisha wote. Kuanzia hapo kinachomshika ni uzi wa chini peke yake. Ukikatika, mvuvi anapoteza samaki, chambo na uzi wote wa juu kwa mara moja. Mwenye duka atanunua mwingine kesho. Baba aliyekimbia vita na watoto, akaacha shamba na mbuzi nyuma, atakaa ufukweni akiomba kazi ya kuvuta nyavu za wengine.

Kuna jambo la pili ambalo wavuvi wengi hawaelezwi. Uzi ukipungua kwenye rili, duara lake linakuwa dogo, na breki inazidi kuwa nzito hata kama hakuna aliyeigusa. Duara likifika nusu, samaki anavutwa kwa nguvu mara mbili ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana rili inapaswa kujazwa vizuri tangu chini. Na rili iliyojaa inarudisha uzi mwingi zaidi kila mkono unapozunguka, jambo ambalo mtu anayepiga kasia peke yake atalishukuru.

Uzi gani basi? Nailoni ni rahisi na inapatikana kila soko, lakini inanyooka sana. Ikikunjwa ikiwa imevutwa na samaki mzito, inajibana kwenye rili, na rili ya plastiki inaweza kupasuka. Pia inanyonya maji na kupungua nguvu, na jua linaiharibu. Uzi wa kusokotwa wa poliesta haunyooki sana na haunyonyi maji. Kwa anayeweza kuununua, huo ndio wa kuchagua. Ubaya wake ni kuteleza: ukizungushwa juu ya chuma kitupu, wote unazunguka kama pete kwenye kidole. Mizunguko michache ya nailoni chini yake inatosha kuuzuia.

Mwenye nailoni tu asikate tamaa. Achukue mpya, ya nguvu sawa na uzi wa juu au zaidi, aikunje kwa kuikaza kiasi, rili aihifadhi kivulini. Fundo la kuunganisha nyuzi mbili lisiwe lile la kufungia mzigo, maana linaweza kula karibu nusu ya nguvu ya uzi. Lizungushwe mara nyingi, lilowanishwe kwa mate, kisha likazwe polepole.

Kupima hakuhitaji mashine. Bidoni yenye lita 10 za maji ina uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo. Ifungwe kwenye uzi pamoja na lile fundo, iinuliwe taratibu. Uzi ukikatika nyumbani, hasara ni maji tu. Wauzaji wengine hawapendi kuona mteja akipima hivyo mbele ya duka, na hilo nalo ni jibu.

Mashirika ya kiutu yanayowasaidia wahami wa vita kwa vifaa vya uvuvi yangefanya vizuri kuwauliza wavuvi wa ufuko husika kabla ya kununua. Furushi la ndoana 50 na nailoni nyembamba linapendeza kwenye picha ya ugawaji. Ndoana 10 na uzi mzuri wa kusokotwa, mita 200 kwa kila rili, zingelisha watu wengi zaidi.