Magitaa ya kujitegemea: orodha ya mshkaji wangu wa Chumbi

Jamani, kuna kauli nimeichoka. Kila ukitaja roki mbele ya watu hapa mjini unajibiwa, "Aah, hayo makelele ya wazungu." Wachache wanaojitahidi kuitetea wanakimbilia kwa Freddie Mercury: si alizaliwa Zanzibar mwaka 1946? Basi roki ni yetu pia. Mimi hoja hiyo siitumii. Mtu kuzaliwa Unguja hakuufanyi muziki wake uwe na ladha ya Unguja. Hoja yangu ni nyingine kabisa: mtu aliyelelewa na magitaa ya dansi tayari ana sikio la roki, ila hajaambiwa aanzie wapi.

Nayasema haya kwa sababu ya mshkaji wangu mmoja aliyeko Chumbi, kule Rufiji, ukishavuka Daraja la Mkapa ukielekea Lindi. Tulisoma naye chuo. Mimi nikaangukia kwenye magazeti, yeye ajira zikagoma, akarudi nyumbani kulima mpunga na ufuta. Huyu bwana ni mgonjwa wa magitaa. Alirithi kwa mjomba wake sanduku zima la kaseti: Msondo, Sikinde, Maquis, Vijana Jazz. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipolivamia bonde la Rufiji, sanduku lile likaenda na maji. Hakulalamika sana, maana wapo waliopoteza nyumba na mashamba. Lakini juzi kanitumia ujumbe: "Kaka, nitafutie muziki wa magitaa nisioujua. Watu wanaopiga kweli, sio kompyuta. Huku dunguni usiku ni mrefu."

Kwa watoto wa mjini msiojua, dungu ni kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mkulima wa Rufiji hukaa kulinda mpunga wake usiliwe na nguruwe na ndege. Ni mahali pazuri kuliko daladala kusikiliza albamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeamua nimjibu hadharani ili na wengine mfaidike.

KWANZA TUELEWANE

Roki ninayomshauri asikilize wenyewe wanaiita "indie", kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Sio Azimio la Arusha, lakini hazipishani mbali! Mwezi Januari 1977 vijana wa Manchester, Uingereza, waliojiita Buzzcocks, walitoa santuri yao wenyewe yenye nyimbo 4, Spiral Scratch, kwa fedha za kuazima kwa ndugu na marafiki, kama pauni 500 hivi. Walianza na nakala 1,000. Zikaisha, wakatengeneza nyingine. Hakuna kampuni kubwa iliyowaambia waimbe nini. Baada ya hapo kila kijana mwenye gitaa na marafiki wanaokopesheka akaona inawezekana. Kwa hiyo usiponielewa kingine, nielewe hiki: kujitegemea hapa maana yake ni nani anamiliki kazi. Sauti ya gitaa inakuja baadaye.

ORODHA YENYEWE

1. Television, "Marquee Moon" (1977). Hawa wa New York walikuwa chini ya kampuni kubwa, lakini wapiga magitaa wengi wa roki huru wamechota kwao, ndiyo maana naanza nao. Wewe unayejua kutenganisha gitaa la solo na la rithimu kwenye Sikinde utafurahi. Tom Verlaine na Richard Lloyd hawapigi kitu kimoja kwa pamoja. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu, mmoja anashikilia, mwenzake anatembea. Wimbo uliobeba jina la albamu unazidi dakika 10. Mtu wa dansi haogopi dakika 10. Sisi ndio tuliozoea wimbo uanze polepole na maneno, halafu nusu ya pili iachiwe magitaa na watu wacheze.

2. The Smiths, "The Queen Is Dead" (1986). Lakini kabla ya albamu, tafuta kwanza wimbo wao wa 1983, "This Charming Man". Sikiliza sekunde 10 za mwanzo tu halafu uniambie kama gitaa la Johnny Marr halijakukumbusha watu unaowajua. Linang'aa, linarukaruka, halikai kimya. Lebo yao, Rough Trade, ilianzia kwenye duka la santuri la London. Mwimbaji, Morrissey, ni mlalamishi wa kupindukia, lakini sisi watu wa nyimbo za mapenzi yaliyovunjika tumezoea walalamishi.

3. Extra Golden, "Ok-Oyot System" (2006). Hii ndiyo roho ya orodha. Mmarekani Ian Eagleson alikwenda Kenya kufanya utafiti wa muziki wa benga, akajuana na wanamuziki wa Orchestra Extra Solar Africa, akiwemo Otieno Jagwasi. Yeye na mwenzake Alex Minoff walikuwa na bendi yao ya roki huko Marekani, iliyoitwa Golden. Wakachanganya bendi na wakachanganya majina. Walirekodi Nairobi mwaka 2004. Otieno akafariki 2005 kabla santuri haijatoka. Jina la albamu ni Kijaluo, maana yake ni kwamba mambo sio rahisi, na kweli hayakuwa rahisi. Mwaka 2006 walialikwa kwenye tamasha Chicago, viza zikasumbua, na waliosaidia ni ofisi ya seneta mmoja aliyeitwa Barack Obama. Kwenye albamu ya pili, "Hera Ma Nono" (2007), wakamtungia wimbo wa shukrani. Alikuwa hajawa rais. Lebo yao, Thrill Jockey ya Chicago, ni ya roki huru kabisa. Sasa anayesema benga na roki haviingiliani, asikilize hii kwanza, tubishane baadaye.

4. Vampire Weekend, albamu yenye jina lao (2008). Vijana waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wana wimbo unaoitwa "Cape Cod Kwassa Kwassa". Ndiyo, kwasa kwasa ile ile ya Wakongo iliyowatoa jasho baba zetu miaka ya 80. Walisemwa sana kwamba wameiba. Maoni yangu? Gitaa wamelisikiliza vizuri na neno la Wakongo wamelitaja kwenye jina la wimbo, hawakuficha. Ila kinauma kidogo kuona kijana wa Dar anaipenda kwasa kwasa baada ya kuisikia kwa Wamarekani.

5. Mdou Moctar, "Afrique Victime" (2021). Mtuareg wa Niger. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zikiwa ni nyaya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilisambaa jangwani kwa simu na memori kadi, mtu anampa mtu, kama zinavyosambaa huko kwenu. Leo albamu zake zinatolewa na Matador, lebo ya roki huru ya New York. Anapiga kwa mkono wa kushoto na kwa kasi inayotisha. Hii usiisikilize ukiwa unataka usingizi.

6. Just A Band, "82" (2009). Najua umesema hutaki kompyuta, na hawa wa Nairobi wanazo. Lakini kwa kujitegemea hawana mpinzani. Muziki walitengeneza wenyewe, video wenyewe. Ile video ya "Ha-He" ya 2010 ndiyo iliyoifanya Kenya nzima imtaje Makmende. Vumilia nyimbo mbili za mwanzo kabla hujanitukana.

"LAKINI MANENO SIYAELEWI"

Najua utasema hivyo. Ndugu yangu, hebu tuwe wakweli. Wewe na mjomba wako mmeimba Kilingala miaka yote hiyo, mnajua Kilingala? Watu walimlilia Franco alipofariki mwaka 1989 ilhali hawajui alichokuwa akisema. Gitaa lilitafsiri. Kiingereza umesoma hadi chuo kikuu, kwa hiyo hapa una nafuu ambayo mjomba hakuwa nayo.

KWA NINI NAONA HILI NI JAMBO ZITO

Sasa tutoke kwenye burudani. Ukilinganisha dansi letu na roki huru, kwa masikio ni ndugu, kwa mfuko ni mbingu na ardhi. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi, jeshi likawa na bendi, mashirika ya umma yakawa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara, na kwa wakati ule ilikuwa heshima kubwa, siikejeli. Lakini gitaa lilikuwa la mwajiri. Ukihama bendi, unaliacha. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, na utepe ukabaki kwenye maktaba ya redio. Kaseti zilizouzwa mitaani nyingi zilikuwa za kurudufiwa, na mpiga solo hakuambulia kitu. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilipitishwa 1999, wakati wazee wengi walishachoka.

Ndiyo maana maji yakibeba sanduku moja la kaseti kule bondeni, mtu anahisi bendi nzima imezama. Marquee Moon ikizama Rufiji, kesho unaipata tena mahali popote, imesafishwa, imeandikwa nani kapiga nini. Rekodi ngapi za Vijana Jazz unaweza kuzipata hivyo? Remmy Ongala tunaye kwa uhakika kwa sababu "Songs for the Poor Man" ya 1989 ilitolewa Uingereza na Real World. Alipofariki Desemba 2010, sauti ile ilikuwa imehifadhiwa. Wenzake wengi, wazuri kama yeye, wamebaki kwenye kumbukumbu za wazee.

Kwa hiyo nikisema sikiliza roki huru, simaanishi uache dansi. Namaanisha uone wenzetu walifanya nini na kitu kile kile tulichokuwa nacho: magitaa mawili matatu, besi, dramu, na marafiki. Walishika utepe wao. Kijana wa leo mwenye gitaa, awe Sinza au Ikwiriri, simu yake ina studio ndani. Hana kisingizio cha kumwachia mtu mwingine kazi yake bila karatasi.

Mshkaji, albamu hizi nimezinunua, zipo kwenye memori kadi, na ninaituma Jumamosi kwa dereva wa basi. Usiipeleke kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, tafadhali. Anayetaka aje asikilize kwako. Anza na namba 3, usiku, ukiwa macho. Na ukienda kwa mjomba muulize majina ya waliopiga kwenye zile kaseti, mmoja mmoja, uyaandike. Hiyo ndiyo malipo yangu.

Naomba kuwasilisha.