Mpiga mbizi mpya asikimbilie mtungi

Nilipokuwa nyumbani Matiliku wakati wa likizo iliyopita, alinijia mwalimu mmoja kijana, mfundishaji wa Kiswahili na Historia, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu chuoni. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka pwani, ambako alisoma kozi ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa na akafuzu, na cheti chake kinamruhusu kuteremka hadi mita 18 akiwa na mwenzake. Karatasi ile ilikuwa orodha ya vifaa. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alikuwa anaviuza vyote kwa pamoja, na kijana wetu alikuwa keshajaza fomu ya mkopo katika chama chao cha akiba.

“Mwalimu,” akaniambia, “nikichukua vyote kwa mkupuo bei ni nafuu. Ninaomba tu uniangalizie.”

Wako watakaocheka. Mtu wa Matiliku, ambako mito hukauka mchanga ukabaki, atafanya nini na vifaa vya bahari? Mimi sikucheka, maana nami ni mzaliwa wa huko huko, nilijifunza kuogelea katika silanga lenye maji ya rangi ya chai, na cheti kama chake nilikipata nikiwa na umri wa miaka arubaini na mmoja. Tena kijana huyu alikuwa na sababu. Hajasahau tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya liliposombwa na mto Enziu huko Mwingi, watu zaidi ya 30 wakafa, na wapiga mbizi wakalazimika kuitwa kuja kuitafuta miili. Alitaka siku nyingine kama ile ikitokea, awepo mtu wa karibu mwenye vifaa.

Niliifungua karatasi. Kifaa cha kwanza kilikuwa kimeandikwa “mtungi wa oksijeni”.

Hapo ndipo kazi yangu ya isimu ilipokutana na starehe yangu ya baharini. Magazeti na redio zetu husema hivyo kila mara: wapiga mbizi waliingia majini na mitungi ya oksijeni. Si kweli. Mtungi wa mpiga mbizi wa kawaida una hewa ile ile tunayoivuta hapa nje, ambayo kiasi cha asilimia 21 ni oksijeni na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, ila imeshindiliwa kwa nguvu, aghalabu kufikia kanieneo ya baa 200. Oksijeni tupu ni kitu kingine kabisa. Ukiivuta ukiwa umepita takriban mita 6 chini ya maji, inaweza kuusumbua ubongo ukapatwa na kifafa, na mtu mwenye kifafa majini huachia kifaa cha kupumulia akazama. Basi mnunuzi anayeuliza oksijeni dukani hajakosea msamiati tu. Wanafunzi wangu hudhani kwamba istilahi ni mambo ya kamusi na mitihani. Ningependa wamwone mtu anayeshuka majini akilitegemea neno lisilo sahihi.

Nikamuuliza: huo mtungi utajazwa wapi? Akasema Emali wako mafundi wenye mashine za upepo. Maskini! Mashine ya kujazia magurudumu haikutengenezwa kwa mapafu ya binadamu. Hewa yake huweza kuchanganyika na mvuke wa oili na moshi wa injini, na ile hewa ya sumu ya kaboni ambayo hapa juu ingekuumiza kichwa tu, huko chini hukuua, kwa kuwa kila kitu unachokivuta kimekazwa maradufu. Kwenye kina cha mita 10 kanieneo ni mara mbili ya hii ya hapa ufuoni. Kwenye mita 20 ni mara tatu. Mtungi hujazwa kwa mashine maalumu yenye vichujio, nao wenyewe hukaguliwa na kupimwa kila baada ya muda ili usije ukapasuka. Haya yote yako pwani, kwenye vituo vya kuzamia, na gharama yake imo tayari katika malipo ya safari ya siku. Mtungi tukaufuta.

Tukaja kwenye kile kifaa cha kupunguza nguvu ya hewa na kuileta kinywani, ambacho wenyewe hukiita regyuleta. Hiki ndicho kilichofanya uzamiaji wa raia wa kawaida uwezekane, tangu Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walipokiunda mwaka 1943. Ndani yake mna mipira midogo na springi zinazohitaji fundi mwenye ujuzi. Kikikaa miezi tisa katika nyumba ya mabati yenye joto na vumbi, mipira hukauka, na chumvi iliyosalia hula chuma. Mimi nilinunua kimoja kilichotumika, kwa mtu ambaye sitamtaja, kwa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Fundi alipokifungua alinitazama kama daktari anayetafuta maneno. Gharama ya kukitengeneza ilikaribia bei ya kipya. Hicho nacho kikafutwa, pamoja na jaketi la kuelea. Mpiga mbizi anayeingia majini siku tano au sita kwa mwaka, na akae mbali na bahari, na aazime.

Basi anunue nini? Miwani ya kuzamia, kwanza kabisa. Uso ni wa mtu mwenyewe, hauazimwi. Iwe ile inayofunika pua, kwa sababu mteremkaji hana budi kupuliza kidogo kwa pua ili hewa ya ndani ilingane na kanieneo ya maji; ile ya waogeleaji isiyofunika pua itakukamua macho. Dukani usifunge ukanda wake. Iweke usoni, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikibaki imenata, ni yako. Ikianguka, irudishe hata kama ni nzuri kama johari. Yangu ya kwanza ilikuwa na vioo vipana na rangi ya buluu, nikaipenda, nayo ikavuja safari nzima. Mwalimu wangu wa Diani, mtu wa watu aliyezaliwa kwa wavuvi, aliniambia tatizo ni masharubu yangu. Nilikuwa nayo tangu shahada ya kwanza. Niliyanyoa. Ikapunguza kuvuja lakini haikukoma, kwa kuwa haikuwa ya uso wangu.

Baada ya miwani, mapezi ya miguuni yasiyobana wala kupwaya, na vazi jepesi la mpira. Maji ya pwani yetu ni ya vuguvugu, mara nyingi kati ya nyuzi 25 na 30, hivyo unene wa milimita 3 unatosha watu wengi. Asidanganywe na muuzaji wa vazi la bahari za baridi.

Kisha, kama fedha za mkopo zingali zinamwasha, anunue kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi. Kijana alistaajabu kwamba nakata mtungi na kupendekeza hiki. Lakini kwa mtu wa Ukambani hiki ndicho kifaa chenyewe. Naitrojeni inayoingia mwilini chini ya maji hutoka polepole. Ukipanda juu upesi hutoa viputo kama soda iliyofunguliwa, navyo huweza kumlemaza mtu. Ndiyo maana wapiga mbizi huambiwa wasipande ndege kabla ya saa 12 baada ya kuzama mara moja, au saa 18 wakizama mara kadhaa. Tahadhari hiyo huhesabiwa hata kwa mwinuko wa mita 600 hivi. Sasa Emali iko zaidi ya mita 1000 juu ya usawa wa bahari, na Matiliku vilevile. Anayezama Diani asubuhi na mchana, kisha akawahi treni ya kurudi nyumbani, anapanda mlima pasipo kujua. Watu wa Nairobi nao wako katika hatari hiyo, tena wao zaidi. Kompyuta ile humhesabia muda uliosalia.

Likabaki suala la Enziu, nalo lilikuwa gumu kuliko bei zote. Nilimweleza kwamba gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilipatikana kwenye kina cha mita 58 na kutolewa tarehe 11 Oktoba, na waliokuwa wakilitafuta walikuwa watu wa kazi hiyo. Cheti chake kinaishia mita 18, mahali anapoona. Mto wa mafuriko ni tope, magogo na mkondo. Anayeingia humo na mafunzo ya siku nne anaongeza idadi ya wanaotafutwa. Alinyamaza kwa muda. Akauliza mafunzo ya uokoaji hutolewa baada ya hatua ngapi, na kama mkopo unaweza kulipia hayo badala ya vifaa.

Hilo ndilo swali nililotamani alitangulize, na sikuwa na haja ya kumwongezea neno. Tulikubaliana aje pwani kaskazi ikiingia, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu, na asikate tikiti ya treni ya jioni ile ile.