Tasnifu bila programu yake ni nusu tasnifu

Mwanafunzi wa uzamili anayekadiria mtiririko wa maji ya mto, mzigo wa umeme kwenye gridi au kasi ya kuenea kwa malaria hutumia sehemu kubwa ya muda wake mbele ya kompyuta, akiandika na kurekebisha programu inayomfanyia hesabu. Siku ya utetezi, wanaomhoji huona michoro na majedwali yaliyotoka kwenye programu hiyo, lakini programu yenyewe hawaioni. Msimamizi akiwa mkali, huchapwa kama kiambatisho mwishoni mwa kitabu, kurasa za herufi ndogo ambazo hakuna atakayekaa kuziandika upya. La sivyo hubaki kwenye laptop ya mwenyewe, na laptop ikiibwa au ikiungua, basi tena. Akija mwingine na swali linalokaribiana na lile, anaanza sifuri. Hoja yangu ni kwamba kazi ya namna hii haijakamilika. Vyuo vikuu vyetu visiitunuku shahada mpaka programu yake ifungashwe hivi kwamba mtu asiyemjua mwandishi aweze kuisakinisha, kuiendesha na kupata majibu yale yale.

Hoja hii ina umri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jon Claerbout, mwanajiofizikia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliwataka wanafunzi wake wapange kazi zao kiasi kwamba michoro iliyomo kwenye tasnifu iweze kutengenezwa upya na kompyuta kwa amri fupi tu. David Donoho, mtakwimu wa chuo hicho hicho, aliliona jambo hilo akalichukua. Mwaka 1995 yeye na Jonathan Buckheit walieleza WaveLab, kisanduku cha zana kilichoandikwa kwa lugha ya MATLAB kwa ajili ya mbinu ya wevuleti, inayotumika kuchambua ishara na picha. Ndani yake waliweka pia misimbo iliyozaa michoro ya makala zao. Walidai kwamba makala iliyochapishwa ni tangazo la utafiti tu, na kwamba utafiti wenyewe ni programu, data na maelekezo yote yaliyotoa matokeo yale. MATLAB yenyewe ilizaliwa kwa nia inayofanana na hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1970 Cleve Moler, akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico, aliiandika ili wanafunzi wake waweze kutumia maktaba za hesabu za LINPACK na EISPACK bila kulazimika kujifunza Fortran. Kampuni ya MathWorks ilianzishwa baadaye, mwaka 1984.

Kuna wanaodhani kwamba inatosha kulitupa folda zima mtandaoni, au kumtumia anayeomba kwa baruapepe. Ushahidi unawakatalia. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari ya Jupyter, yaani mafaili yanayochanganya msimbo, maelezo na matokeo, yaliyowekwa hadharani kwenye GitHub. Walikusanya takriban milioni 1.4. Kati ya yale waliyoweza kujaribu kuyaendesha, karibu asilimia 24 tu yalifika mwisho bila kugoma, na yaliyotoa matokeo yale yale aliyoyapata mwandishi yalikuwa kama asilimia 4. Miaka mitatu baadaye Ana Trisovic na wenzake walijaribu mafaili zaidi ya 9,000 ya lugha ya R yaliyohifadhiwa kwenye ghala la data la Harvard, ambayo waandishi wake waliyaweka ili wengine wayatumie. Asilimia 74 yaligoma, na hata baada ya watafiti hao kuyasafisha kwa njia ya kompyuta, asilimia 56 bado yaligoma. Waandishi hao walikuwa watu wenye nia njema, walioiweka kazi yao wazi. Kilichokosekana ni ufungashaji.

Sababu za kugoma ni za kawaida mno, na yeyote aliyewahi kupokea folda la mwenzake anazijua. Mstari wa tatu wa programu unaagiza data kutoka C:\Users\ ikifuatiwa na jina la mwandishi, mahali ambapo kwenye kompyuta nyingine hapapo. Programu inaita amri iliyomo kwenye kisanduku cha kulipia, na mpokeaji hana leseni yake. Baya zaidi ni kosa lisiloifanya programu igome. Folda mbili zinaweza kuwa na faili lenye jina moja, tuseme wastani.m. MATLAB huchukua lile linalotangulia katika orodha yake ya mahali pa kutafutia na kuliacha la pili. Hesabu inaendelea, jibu linatoka, nalo si lile alilolikusudia mwandishi.

Kufungasha vizuri hukabili matatizo haya moja baada ya jingine. Mafaili ya programu huwekwa ndani ya folda ambalo jina lake linaanza na alama ya kujumlisha, mathalani +mto, na kuanzia hapo amri huitwa mto.wastani, isiweze kugongana na wastani wa mtu mwingine. Kila amri hupewa maelezo juu yake: inapokea nini, kwa kipimo gani, mita za ujazo kwa sekunde au lita, na inarudisha nini. Huongezwa mfano mdogo wenye data yake na jibu linalojulikana, pamoja na majaribio ambayo kompyuta huyaendesha yenyewe kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Tangu toleo la R2014b, MATLAB ina chombo cha kufanya hivyo: unakionyesha folda, kinachambua mafaili na kukutajia vitu ambavyo programu yako inavitegemea, unajaza jina, mwandishi, maelezo na namba ya toleo, nacho kinatoa faili moja lenye kiambishi .mltbx. Mpokeaji analibofya mara mbili tu; kisanduku kinajisakinisha, na folda zake zinaingizwa mahali panapotakiwa bila yeye kugusa kitu. Namba ya toleo nayo ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ndiyo inayomwezesha msomaji kusema kwa uhakika kwamba jedwali la sura ya nne lilitoka toleo la 1.2 na si la 1.3. Hiyo ni sawa na uandishi wa tarehe na kundi la uzalishaji kwenye kopo la dawa: mgonjwa anaweza asiusome, lakini siku dawa inapoleta madhara, hakuna kingine cha kuanzia.

Madhara ya hesabu zilizofichwa yameshaonekana katika mambo mazito. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart wa Chuo Kikuu cha Maryland na Kenneth Rogoff wa Harvard, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri ambazo deni lake limevuka asilimia 90 ya pato la taifa hukua, kwa wastani, kwa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja walipotetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, aliyekuwa ameshindwa kuyapata matokeo hayo kwa hesabu zake mwenyewe, aliomba jedwali lao la Excel na akapewa. Aligundua kwamba fomula ya wastani iliziruka nchi 5, zikiwemo Australia, Ubelgiji na Kanada. Kosa hilo na dosari nyingine alizozionyesha pamoja na walimu wake ziliporekebishwa, wastani sahihi ulikuwa ukuaji wa asilimia 2.2. Kosa la kuburuta kipanya kwenye safu chache lilidumu miaka mitatu hadharani, na lilionekana pale faili lilipotoka mikononi mwa wenyewe. Watahini wetu wanalipata wapi faili la namna hiyo?

Mfano wa pili una funzo la upande wa pili. Machi 2020 Uingereza ilibadili msimamo wake juu ya korona, na makadirio ya timu ya Neil Ferguson wa Imperial College London yalichangia sana uamuzi huo. Ferguson mwenyewe alieleza kwamba programu ile ilikuwa maelfu ya mistari ya lugha ya C, isiyo na maelezo, aliyoianza zaidi ya miaka 13 kabla kwa ajili ya homa ya mafua. Watu walitaka kuiona, na ilichukua wiki kadhaa kuisafisha kabla ya kuiweka wazi, wakati wananchi wamefungiwa majumbani na shaka inazidi. Baadaye Stephen Eglen wa Cambridge aliiendesha na kuyapata matokeo makuu ya ripoti. Kwa hiyo hesabu ilikuwa na mashiko. Iliyoumia ni imani ya watu, na ingeweza kulindwa kama kazi ya kufungasha ingefanywa miaka ya amani.

Tunapogeukia waliofungasha mapema, mavuno yao hayafichiki. Timu ya Karl Friston jijini London ilianza kugawa SPM, kisanduku cha kuchambua picha za ubongo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo maabara za mabara yote zinakitumia. Arnaud Delorme na Scott Makeig wa San Diego walitangaza EEGLAB mwaka 2004 kwa ajili ya kuchambua umeme wa ubongo, wakaacha nafasi ya wengine kuongeza zana zao juu yake. Makala yao ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika fani hiyo. Upande wa takwimu, lugha ya R iliyotoka kwa Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, ina ghala la CRAN lililoanza mwaka 1997 na sasa lina vifurushi zaidi ya 20,000. Kifurushi hakipokelewi mpaka kipite ukaguzi wa kompyuta unaodai maelezo yawepo na mifano iendeshwe bila kugoma. Auckland si kitovu cha dunia. Iliyowafikisha mbali ni kazi iliyopangwa ili mgeni aweze kuitumia.

Pingamizi la kwanza huwa la muda: mwanafunzi ana ada, ana familia, ana tarehe ya mwisho. Ni kweli kwamba kufungasha huchukua wiki kadhaa kukiachwa hadi mwisho, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Anayepanga folda zake vizuri tangu siku ya kwanza na kuandika maelezo ya kila amri siku anayoitunga, hulipa gharama hiyo kidogo kidogo, na mara nyingi huirudisha yeye mwenyewe pale mtahini anapomtaka arudie hesabu baada ya miezi minne. La pili ni hofu ya kuibiwa. Nadhani hofu hii inaelekezwa mahali pasipo. Wazo lililofichwa kwenye laptop halina ushahidi wa mwenyewe. Programu iliyowekwa Zenodo, ghala linaloendeshwa na CERN tangu 2013, hupewa tarehe na kitambulisho cha kudumu, na leseni iliyomo ndani yake humlazimisha anayeitumia kuheshimu masharti. Mwenye nia ya biashara anaweza kuchagua leseni ya kubana. Kuhusu siri za wagonjwa, hakuna anayedai data zao zitolewe. Programu huambatanishwa na data ya kubuni yenye umbo lile lile, na data halisi hubaki chini ya ulinzi wa hospitali.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. MATLAB huuzwa, na visanduku vyake rasmi vina bei zake. Mwanafunzi anayetumia leseni ya chuo hupoteza zana zake akishahitimu, na yule wa chuo kisicho na leseni hakifungui kisanduku cha mwenzake hata kikifungashwa namna gani. Hili nalikubali. Linatudai tuchague vizuri, wala halitupi ruhusa ya kuacha kufungasha. GNU Octave, ambayo John Eaton alianza kuiandika mwaka 1992, ni ya bure, inasoma sehemu kubwa ya msimbo wa MATLAB, na ina utaratibu wake wa vifurushi. Ingawa hailifungui faili la .mltbx moja kwa moja, msimbo uliopangwa kwa nidhamu huhamishika kwa kazi ndogo. Python na R nazo hazidai ada. Chuo kinachoanza kozi mpya leo kina kila sababu ya kuzipa hizi kipaumbele, hasa kwa kazi inayotarajiwa kutumiwa na wahandisi wa halmashauri au mamlaka za mabonde ya maji.

Kilichobaki ni thamani tunayoipa kazi hii. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala, na aliyetumia mwaka kutengeneza kisanduku kinachotumiwa na wenzake hana pa kukiandika kwenye fomu. Hilo linarekebishika. Tangu 2016 lipo Journal of Open Source Software, jarida ambalo wahakiki wake huisakinisha programu na kuijaribu kabla ya kuikubali. Kazi iliyopita hapo ihesabiwe katika upandishaji vyeo kama makala nyingine. COSTECH hapa Tanzania na NACOSTI nchini Kenya, zinazotoa vibali vya utafiti, zinaweza kudai katika masharti yao kwamba programu iliyozaa matokeo ihifadhiwe pamoja na ripoti. Seneti za vyuo zina uwezo mkubwa zaidi, kwa kuwa kanuni za tasnifu ni zao na hazihitaji sheria ya Bunge. Nazisihi zianze na shule za uhandisi, sayansi na takwimu. Mtahini apewe faili la kisanduku wiki mbili kabla ya utetezi, alisakinishe kwenye kompyuta ambayo mwanafunzi hajawahi kuigusa, na aendeshe mfano mmoja uliomo. Programu ikigoma, tasnifu irudishwe kwa marekebisho, kama inavyorudishwa ile isiyo na marejeo.