Minervali ya Chuo Kikuu: Nani Alipe?

Baada ya Misa tulimsikia mzee mmoja wa hapa Masisi akisema: "Kila baba amlipie mwanawe. Mimi sina mtoto Goma, mbona nimlipie wa jirani?" Wengi wakaitikia. Sisi hatukubali.

Daktari atakayempasua mzee huyo siku ya ugonjwa atatoka wapi, kama si Chuo Kikuu?

Zamani Serikali ilijua hivyo. Wanafunzi wa Lovanium, chuo kilichoanzishwa mwaka 1954, walipata bursi. Na tarehe 4 Juni 1969 walipoandamana Kinshasa kudai iongezwe, askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Baadaye hazina ikakauka, na katika miaka ya 1990 mzigo ukawaangukia wazazi, toka shule ya msingi hata Chuo Kikuu. Katiba ya 2006, sharti la 43, yasema shule ya msingi ya Serikali ni bure. Lakini neno hilo lilianza kutimizwa nchini kote mwaka 2019 tu. Tulifurahi. Chuo Kikuu hakimo katika sharti hilo. Tena minervali yake mara nyingi huhesabiwa kwa dola, hali sisi twauza maharagwe na jibini kwa faranga. Faranga ikianguka, minervali yapanda, na hakuna anayekiri kuipandisha. Januari 2020 wanafunzi wa Kinshasa walisimama kwa ajili hiyo, ghasia ikafuata. Hatusifu mawe, lakini hasira yao twaielewa.

Kijana mmoja tuliyemfundisha katekisimu alipata diploma ya Serikali. Babaye akauza ng'ombe, ikatosha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili zizi lilikuwa tupu, vita ilikuwa imepita. Akazuiliwa mlangoni pa mtihani kwa kukosa nusu ya fedha. Sasa anachimba koltani.

Hatusemi wote wasome bure. Mwenye magari matatu alipe, tena alipe zaidi. Lakini bursi irudi, itolewe kwa alama za mtoto na umaskini wa nyumba yao, si kwa jina la mjomba wake. Na minervali itangazwe kwa faranga mwanzo wa mwaka, isiguswe tena.

Nasi je? Tazama mali tunayoimaliza kwa pombe ya arusi moja! Katika kikao kijacho cha baraza la parokia tutaomba sadaka ya Jumapili moja kila mwezi itengwe kwa wanafunzi wawili, na hesabu yake isomwe mbele ya wote. Mzee yule tumemwalika.