Acheni kuandika "infinity"

Jamani, ushauri huu umenichosha: seva ikilalamika kwamba faili zilizofunguliwa ni nyingi mno, andika LimitNOFILE=infinity ukalale. Hiyo si dawa!

Linux huipa kila programu vikomo viwili vya faili. Kikomo laini kwa kawaida ni 1024, na programu yenyewe inaweza kukipandisha hadi kufikia kile kigumu. Tangu toleo la 240 la mwaka 2018, systemd huweka kigumu 524288. Laini kimeachwa chini kwa sababu select() ya zamani inaishia faili namba 1023.

Ukiandika infinity, kikomo kinaweza kupita bilioni 1. Sasa, kuna programu ambazo zikianza hufunga kila namba hadi kwenye kikomo, hata zisizofunguliwa. Hesabu mwenyewe! Prosesa itachemka bure huku wateja wakisubiri.

Nasema hivi: anayejua mahitaji ya programu ni aliyeiandika. Kama haitumii select(), aipandishie kikomo laini kwa setrlimit(), jinsi Go inavyofanya tangu toleo la 1.19 la 2022. Programu nyingine ziachieni 1024 yao. Kikomo si ubahili, ni ulinzi.