Kumbukumbu za Daraja Si Siri ya Mkandarasi

Wengi wetu tunapovuka daraja la zege hudhani kwamba nguvu yake ni wingi wa saruji na nondo zilizomo. Dhana hiyo haitoshi. Madaraja mawili yenye umbo moja na urefu mmoja yaweza kubeba mikazo iliyo tofauti kabisa, kwa sababu tu ya namna yalivyojengwa.

Chukua daraja ambalo mhimili wake ni sanduku la zege lenye uwazi ndani. Likimwagwa lote juu ya jukwaa, jukwaa likiondolewa uzito hugawanyika kati ya nguzoni na katikati ya daraja. Lakini penye maji ya kina kirefu wahandisi hujenga kipande kwa kipande kutoka kila nguzo, mithili ya mikono inayonyooshwa hewani hadi ikutane. Hapo uzito wote huelemea nguzoni, na upande wa juu wa sanduku huvutika sana, hivyo hapana budi ufungwe kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Tena zege halitulii: kwa miaka mingi huendelea kufinyika polepole chini ya mzigo, na nyaya zikapungua mkazo.

Wananchi wa Palau, katika Bahari ya Pasifiki, wamelipia somo hili. Daraja la Koror na Babeldaob lilikamilika mwaka 1977 kwa njia hiyo ya mikono miwili, nayo ikaunganishwa katikati kwa bawaba. Mita 241 kati ya nguzo na nguzo zilikuwa rekodi ya dunia kwa madaraja ya aina hiyo. Kwa kuwa bawaba haikuweza kuzuia mikono isiiname, katikati pakashuka zaidi ya mita 1. Mwaka 1996 bawaba iliondolewa na nyaya zikaongezwa. Yaani mikono miwili ikageuzwa kuwa mhimili mmoja. Haikupita hata miezi 3, tarehe 26 Septemba, daraja likaanguka. Watu 2 walikufa, 4 wakajeruhiwa, na mji wa Koror ukakosa maji na umeme vilivyopitishwa darajani humo.

Linalotukera zaidi ni yaliyofuata. Shauri lilimalizwa kwa mapatano, na takwimu za kitaalamu zikafungiwa. Ilibidi mkutano wa dunia wa wahandisi, uliofanyika Bangalore mwaka 2007, upitishe azimio ndipo zikatolewa mwaka 2008. Profesa Zdeněk Bažant wa Marekani na wenzake walipozichunguza walionyesha kwamba kanuni zilizokuwa zikitumika zilikadiria kufinyika huko kwa kiwango cha chini mno.

Kipande kipi kilimwagwa lini na nyaya zilikazwa kiasi gani ni mambo ya kuandikwa na kuhifadhiwa katika majalada ya umma, si katika kabati la mkandarasi wala la wakili wake. Ni madaraja mangapi yaliyopigiwa hesabu kwa kanuni zile zile katika miaka yote ambayo takwimu za Koror zilikuwa zimefungiwa?