UKIGEUKA NA MTUTU, NJE!

Idd yangu ilianza kwa kizaazaa, na leo nakupa mkanda mzima.

Unaijua Kariakoo siku mbili tatu kabla ya Idd. Mtaa wa Kongo hapapitiki. Chini kumemwagwa nguo za watoto, viatu, miwani ya plastiki, na katikati ya vyote hivyo, bunduki. Za kuchezea, ndiyo, lakini nyingine ukiziona kwa mbali unaweza kunyoosha mikono juu. Zipo za maji, zipo za kulia na kuwaka taa, na zipo zile noma zinazorusha vigoroli vya plastiki. Mtoto wa Kariakoo asiye na bunduki siku ya Idd anajiona hajala sikukuu.

Mpwa wangu, bwana mdogo wa miaka minane, akanunuliwa moja ya vigoroli. Saa nne asubuhi, pilau halijaiva, tukasikia yowe uani kwa Bibi, Mtaa wa Sikukuu. Mtoto wa jirani kapigwa chini kidogo ya jicho, pamevimba kama andazi. Mama yake akaja juu. Dada yangu naye akaja juu. Bibi akataka bunduki zote zitiwe jikoni zikapikie pilau.

Aliyeokoa jahazi ni binamu yangu. Huyu alimaliza form six, akapitia JKT kwa mujibu wa sheria, ule utaratibu uliosimamishwa mwaka 1994 ukarudishwa 2013, na tangu arudi hana hadithi nyingine. Mimi niliyeishia form four huwa namtania kwamba alichojifunza kule ni kufyeka majani tu. Siku ile akaniziba mdomo. Alizikusanya bunduki zote, akazipanga juu ya mkeka, midomo yote ikitazama ukuta wa nyuma, kisha akawaambia watoto: "Kuanzia sasa hii ni klabu ya kulenga shabaha. Klabu ina mashindano. Mashindano yana sheria. Ukigeuka na mtutu, nje!"

Watoto wakacheka. Hawakucheka muda mrefu.

Alichora mstari wa chaki sakafuni. Nyuma ya mstari ndipo unapokaa, mbele hakuna kiumbe. Shabaha zikawa maboksi ya juisi, na nyuma yake akatundika blanketi zito ili kigoroli kikigonga kisirudi kwa mwenyewe. Kwenye uwanja wenyewe kazi ya blanketi hufanywa na tuta la udongo. Halafu akawavalisha wote ile miwani ya sikukuu. Si miwani ya kazi hiyo, nakubali, ila siku ya Idd duka la vifaa utalipata wapi?

Sheria ya kwanza ikawa mtutu. Unatazama kwenye shabaha saa zote, iwe bunduki ina risasi, haina, au imeharibika. Hapo nikachomekea na mimi utani wangu, kwamba kwa sheria hiyo bingwa wa jiji ni yule Askari wa sanamu pale Samora. Kaelekeza bunduki na singe yake upande wa bandari tangu mwaka 1927, hajageuka hata siku moja. Binamu hakucheka. Mnoko kwelikweli.

Sheria ya pili ndiyo iliyonikuna. Bunduki isiyo na risasi haipo. Kila unayoishika ihesabu ina risasi mpaka ufungue uchungulie chemba kwa macho yako, na hata ukishachungulia bado huielekezi kwa mtu. Katika mashindano ya kimataifa mchezaji haaminiwi kwa mdomo. Bunduki huchomekwa kitu cha rangi ya chungwa inayowaka, wenyewe wanakiita bendera, ili kila mtu aone kwa mbali kwamba chemba iko tupu. Bunduki ya upepo hupitishiwa kamba ya rangi hiyo mtutu mzima, mwanzo hadi mwisho. Binamu akaagiza mirija ya juisi ya rangi ya chungwa, kila bunduki ikachomekwa mmoja mdomoni. Hakuna ruhusa kuuchomoa mpaka usikie amri.

Na amri ni neno moja moja. Pakia. Anza. Simama. Toa risasi. Ukifyatua kabla ya "anza" unaweza kutolewa. Ukigusa bunduki yenye risasi baada ya "simama" bila ruhusa, hivyo hivyo. Kidole hakiingii kwenye triga mpaka jicho liko kwenye shabaha. Wakati wa kwenda kuhesabu matundu, bunduki zote chini, mirija ndani, watu wote hatua mbili nyuma. Hakuna cha "namalizia kidogo tu". Lakini neno moja, "simama", si mali ya msimamizi peke yake. Yeyote aonaye hatari, hata kama ndiye mdogo kuliko wote, anaruhusiwa kulipiga kelele, na wote wanatii kwanza, maswali baadaye. Likariri hilo, msomaji, tutalirudia.

Vigoroli navyo kwa hesabu, vitano vitano. Kule JKT, anasema, baada ya shabaha hata maganda huokotwa na kuhesabiwa, na likipungua moja hakuna kuondoka uwanjani.

Basi bwana, mashindano yakaanza, na uani kukawa kimya kama chumba cha mtihani. Sikuamini. Watoto wale wale waliokuwa wakikimbizana kama kina Rambo sasa wamebana pumzi, ulimi nje, wanalenga boksi. Nikaelewa kwa nini mchezo huu wenyewe unapenda watu watulivu. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, risasi ina kipenyo cha milimita 4.5, na ile kumi ya katikati ni kidoa cha nusu milimita. Siku hizi wanapiga mara 60 kwa saa moja na robo. Ukiwa na papara huko utaishia kutoboa karatasi tu.

Kizaazaa cha pili kilikuja pale mpwa wangu alipolala chali kwa furaha, kaangusha boksi. Kumbe la mwenzake! Binamu akatamka: sifuri. Mtoto akaangua kilio. Ikabidi nimpe kisa cha Matthew Emmons, na wewe nakupa, maana kina mapenzi ndani.

Huyu Emmons ni Mmarekani. Mwaka 2004, Olimpiki ya Athens, fainali ya mita 50, ile ya kulala, kusimama na kupiga magoti. Anaongoza. Imebaki risasi moja, na akipata 7.2 tu dhahabu ni yake. Akavuta pumzi, akafyatua, akapata 8.1. Safi sana. Ila alikuwa mstari wa pili, na risasi ilikwenda kwenye shabaha ya mstari wa tatu! Sifuri. Kutoka wa kwanza akadondoka hadi wa nane, dhahabu ikaenda kwa Mchina Jia Zhanbo. Hakugombana na mtu. Jioni yake kakaa zake, akaja binti mmoja wa Kicheki kumpa pole. Kateřina Kůrková, naye mlenga shabaha, alikuwa ameshapata shaba kwenye Olimpiki hiyo hiyo. Pole ikazaa stori, stori ikazaa mengine, 2007 wakafunga ndoa. Mwaka uliofuata kule Beijing, mke akachukua dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile. Katika mchujo alipiga 40, zote zikaingia kumi, pointi 400 kati ya 400. Kwa hiyo kaka, ukikosa shabaha usikate tamaa, huenda anayekuja kukupa pole ni shemeji yetu.

Mpwa wangu akanyamaza, akauliza kama na yeye ataletewa Mcheki.

Kwetu mchezo huu wengi tunausikia kwenye michezo ya majeshi. Wenzetu Wakenya raia wenye silaha zao wana uwanja kule Kirigiti, Kiambu, ingawa pale zaidi ni bastola.

Na bastola ndiyo iliyotuletea kimbembe. Saa saba akaingia mjomba wangu, mfanyabiashara, mtu wa watu, kanzu imenyooka. Ana bastola yenye leseni, maana kwa sheria ya silaha na risasi ya 2015 bila leseni hushiki kitu. Akaangalia mashindano, akacheka. "Hizo za kitoto. Njooni muone mashine." Akapandisha kanzu, akaichomoa kiunoni, akageuka nayo kuwaonyesha kina shangazi waliokaa kwenye mkeka wakichambua mchicha.

"SIMAMA!"

Ni mpwa wangu. Bunduki zote za plastiki zikawekwa chini, mirija ndani, watoto hatua mbili nyuma. Aliyebaki kasimama na silaha mkononi ni mjomba peke yake.

"Babu, mtutu!" mtoto akasema, anaonyesha ukutani.

Mjomba, ambaye hapendi kuitwa babu, akasema haina risasi. Watoto wote kwa pamoja: "Isiyo na risasi haipo!"

Binamu akasogea kwa adabu zote. "Shikamoo baba mkubwa. Naomba uielekeze ukutani, utoe magazini." Mjomba akatoa magazini kwa dharau, akaionyesha juu kama kombe. Hapo ndipo wengi wanapoachwa. Ukitoa magazini, risasi iliyokwisha panda chemba inabaki pale pale. "Na uvute mtambo, baba mkubwa." Akavuta. Risasi moja ikaruka, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwenye mstari wa chaki, ikasimama.

Hakuna aliyesema kitu. Shangazi mmoja alikuwa bado kashika jani la mchicha. Mjomba jasho linamtoka, kanzu si ile tena.

Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi, akainuka taratibu. "Wewe pilau lako nakufungia. Utakula kwako."

Mpwa wangu akamfuata hadi mlangoni, akampa mrija wake wa chungwa. Mjomba akaupokea.

Fainali iliahirishwa mpaka Bibi apoe. Wiki ijayo nitakwambia nani alichukua boksi la juisi.